Majani ya Jumapili

Nyakundi, baba,

Mambo ya sweta, ya kufunga mlango na ya kutoonyesha simu barabarani umeshaambiwa na kila jirani aliyepita hapa leo, kwa hiyo mimi sitayarudia. Kama umefika umri huu na hujui kufua soksi zako, Nairobi itakufundisha. Nina jambo lingine, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii mimi ni wa kukisema tu, kukiandika sikuwahi kufundishwa. Tena nikikuambia kwa mdomo nitalia, na wewe utanikatiza useme, "Mama, wacha, hayo yameisha." Hayajaisha. Keti usome mpaka mwisho.

Ule mwezi uliokuwa ukijiandaa kwa usaili, ulikuwa unatembea hapo barazani ukikariri kama mtoto wa katekisimu. Haki. Uwazi. Uwajibikaji. Akili mnemba lazima imtumikie binadamu. Nilikuwa jikoni nachambua mboga za managu, nikakusikiliza. Ulisema vizuri, hata mimi ningekuajiri. Lakini nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, kwa sababu maneno hayohayo nilishayasikia kwa kijana mmoja wa shati jeupe aliyekuja kituoni kwetu na karatasi ya rangi. Kampuni iliyomtuma ndiyo hiyo unayokwenda kuifanyia kazi. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba ile mashine yao ya kukagua chai ilifundishwa na mtu, na mtu huyo ni mimi.

Kazi yangu umeiona tangu ukiwa mgongoni. Wakulima wanaleta majani mabichi kituoni, nayamwaga mezani, naangalia kama ni majani mawili na kichipukizi, halafu naingiza mkono ndani kabisa ya gunia nisikie kama yameshika joto. Jani lililoshika joto limeharibika, hilo narudisha. Jani lililolegea kidogo kwa kungoja lori halina neno, maana hata kiwandani kitu cha kwanza wanachofanya ni kulinyausha. Ukiyatazama kwa macho tu, haya mawili yanafanana sana. Ukiyashika hayafanani hata kidogo.

Wakati huo lori lilipita kwetu Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Hiyo ya Jumapili iliombwa na Wasabato, ambao Jumamosi hawashiki jani, hata mvua inyeshe vipi na chai iote vipi. Na kwa vile Wasabato ndio wengi hapa, Jumapili foleni ilikuwa inafika barabarani. Watu walichuma alfajiri, wakangoja hadi jua linaegemea, na majani yakalegea kwenye magunia. Mimi nilikuwa nasali misa Jumapili, kwa hiyo siku hiyo mezani alikuwa karani mwenzangu Ombati. Ombati ana mikono mizuri kuliko yangu. Alikuwa anaingiza mkono, anasema "poa hii," anapima, foleni inasonga.

Kijana wa shati jeupe alinipa simu mpya. Akaniambia, "Mama, kila lori linapopita piga picha za majani, na kila picha uitie alama, safi au mbaya. Mashine itaziangalia ijifunze kukagua kama wewe." Kama mimi! Nilivimba kichwa, baba. Nilitembea na ile simu hadi sokoni Magwagwa ili watu waniulize ni ya nini. Ombati akaniomba, kwa adabu, "Niachie Jumapili nipige na hizi za Wasabato." Nikamwambia simu ya watu si ya kuachwaachwa, ataikwaruza. Ungenisikia, ungesema nimeinunua mimi.

Kijana aliporudi kuchukua picha alizipitia, akasema, "Naona Jumatano na Jumamosi. Za Jumapili ziko wapi, mama?" Huyo alikuwa ameuliza swali la maana, nampa haki yake. Nikamjibu, "Majani ni majani, kijana. Jumapili hayageuki sukuma wiki." Tukacheka wote wawili. Akauliza, "Kwa hiyo zinatosha?" Nikasema zinatosha. Sikutaka kukosa misa, sikutaka kumpa Ombati simu, na nilikuwa nimechoka na zile picha. Yeye naye alikuwa na safari ya kurudi Nairobi na mvua ilikuwa inakuja. Kwa hiyo sisi wawili, mmoja amesoma na mmoja anajua chai, tukakubaliana kwamba Jumapili haipo.

Sasa wewe ndiye uliyesomea, nisahihishe nikikosea. Katika picha zangu zote, majani yaliyolegea yalikuwa ni yale mabaya tu, kwa sababu Jumatano na Jumamosi foleni ni fupi na jani zuri halipati muda wa kulegea. Mashine ikajifunza kwamba kulegea ni kuharibika. Haikudanganywa. Iliamini kile nilichoionyesha.

Ilipoletwa, watu walifurahi, usidhani walilia. Ni kamera inayotundikwa juu ya meza, imeunganishwa na mizani, na taa mbili, kijani na nyekundu. Wazee walisema afadhali, mashine haijui huyu ni wa ukoo gani wala haipokei kuku. Na kweli makarani wa zamani walipokea kuku, tusifichane. Mimi pia nilifurahi. Wakasema sasa karani mmoja anatosha, wakamwambia Ombati aende nyumbani. Niliambiwa nitakuwa nakuja na Jumapili, baada ya misa. Ombati aliniachia funguo, na mpaka leo tukikutana njiani ananisalimu kwa heshima inayoniuma kuliko tusi.

Jumapili ya kwanza taa ikawaka nyekundu karibu kwa foleni nzima.

Nataka ujue kwamba nilikuwa na kitufe. Kwenye ile mashine kuna kitufe cha karani kupinga. Unakibonyeza, unaandika sababu, majani yanapimwa. Watu wa kampuni walikuwa wametuambia wanaamini binadamu ndiye mwenye neno la mwisho, na wakatuonyesha kitufe kama ushahidi. Halafu, tukiwa tunakunywa soda, mmoja wao akasema, akitabasamu, kwamba karani anayepinga mara nyingi huonekana kwenye ripoti, na kiwanda hujiuliza kwa nini. Basi. Hakutisha mtu. Alisema tu. Na mimi mjane mwenye mtoto chuo kikuu nikaelewa vizuri sana.

Jumapili hiyo nilikibonyeza kwa watu wachache. Kiwanda kikanipigia simu Jumatatu. Jumapili iliyofuata nikaacha.

Na sasa nafika kwa nyanya yako. Kemunto alinipokea katika boma hili nikiwa msichana Mkatoliki asiyejua hata kumenya ndizi kwa mtindo wa kwao. Yeye ni Msabato, lakini hakuniambia hata siku moja niache kanisa langu. Baba yako alipotuacha, watu waliokuwa wananiangalia kwa jicho la huyu ataondoka lini, yeye aliwafukuza kwenye ua. Chai ile ya mteremkoni ni ya mumewe, aliipanda mwenyewe, na nyanya yako anaichuma peke yake, kidogokidogo, kwa uzee wake. Alikuja kituoni Jumapili hiyo ya pili na gunia lake, akasimama foleni kama wengine. Taa ikawaka nyekundu.

Akaniambia, "Mama Nyakundi, ingiza mkono."

Nikaingiza. Ndani kulikuwa baridi, majani mazuri, majani ya mtu anayejua. Akauliza, "Yameshika joto?"

"Hayajashika, mama."

"Sasa?"

Nilikuwa na kitufe hapo, karibu na kidole. Lakini watu walikuwa wananitazama, na nikawaza: nimewarudishia wote, nikimpimia mama mkwe wangu watasema nini? Nikamwangalia, nikasema, "Si mimi, mama. Ni mashine."

Akafunga mdomo wa gunia lake. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Hiyo mashine imeolewa boma gani?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, mjinga mimi. Yeye hakucheka. Alijitwika gunia lake akarudi nalo, akayamwaga chini ya migomba.

Haikuwa siku moja. Ilikuwa Jumapili baada ya Jumapili. Halafu kiwanda kikaangalia zile kumbukumbu, kikaona majani ya Jumapili karibu yote ni mabovu, kikasema lori la nini basi. Likaondolewa. Umeona ilivyo? Mashine ilisema majani ni mabovu kwa sababu sikuyapiga picha, na lori likaondolewa kwa sababu mashine ilisema. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na ukifuata hizo sababu zote unarudi kwenye swali la kijana na jibu langu la sukuma wiki.

Usifikiri sikulalamika. Nililalamika, tena nimechelewa. Pale kwenye mashine pana namba ya malalamiko. Nikaandika ujumbe mrefu, nikaeleza habari ya foleni, ya kulegea na ya kushika joto. Jibu likaja hapohapo, la heshima kabisa: wanashukuru, wanajali, mfumo umekaguliwa na unafanya kazi sawasawa. Nikaona, aa, huyu mtu ana malezi. Nikamjibu Mungu ambariki yeye na watoto wake. Naye akanishukuru. Niliandika tena baada ya siku kadhaa, akajibu yaleyale, neno kwa neno. Kijana mmoja aliyekuja kutengeneza nyaya za mashine ndiye aliyenicheka: "Mama, hapo hakuna mtu. Hiyo ni mashine inajibu." Yaani nilikuwa naombea mashine na watoto wake. Cheka, nakuruhusu. Mimi nililia siku hiyo nyuma ya kituo.

Baadaye nilipata mtu wa kweli, mkubwa wa kampuni, alikuja Nyamira mjini kwa mkutano. Nilivaa nguo yangu ya Pasaka nikaenda. Alinisikiliza, lazima niseme ukweli. Kisha akasema, "Mama, hakuna kitu kisichokosea. Inakosea kidogo tu." Nikamwuliza hicho kidogo kinamwangukia nani. Akaangalia saa.

Sasa sikiliza hili, kwa maana hili hukuambiwa na mtu. Lori la Jumapili lilipoondolewa, Msabato alibaki na Jumatano peke yake. Jani halilali, linachumwa na kupelekwa siku hiyohiyo. Mama mzee peke yake anaweza kuchuma kiasi gani kwa siku moja? Nusu ya shamba ikaanza kuwa msitu. Wenye nguvu walianza kupeleka kituo cha mbali kwa boda boda. Wengine wakang'oa chai. Na mwaka huo ulikuwa mwaka wako wa mwisho chuoni, ada ilikuwa imebaki, na wewe ulikuwa unanipigia simu ukisema hawatakuruhusu kufanya mtihani. Mshahara wangu unaujua. Nilimwambia nyanya yako. Sikumwomba kitu, nilimwambia tu, kama unavyomwambia mtu mvua imekatika. Lakini nilijua ninamwambia nani.

Jumamosi iliyofuata aliingia kwenye chai.

Kanisa liko ng'ambo ya bonde tu, nyimbo zinasikika hadi mteremkoni. Alichuma akiwasikia wanaimba. Mchana akaleta kituoni, foleni ilikuwa ya watu watatu wanne, majani yanang'aa. Taa ikawaka kijani. Aliendelea hivyo mpaka ulipomaliza mtihani, na ndivyo ulivyomaliza, baba. Hiyo mashine umeisomea kwa Sabato za nyanya yako.

Wazee wa kanisa walimwita. Hawakuwa wakali, walimwuliza kwa huruma, naye akasema ni kweli, nimevunja, bila kueleza ni kwa nini. Angewaambia ni ada ya mjukuu labda wangemwonea huruma zaidi, hakutaka. Alikuwa shemasi tangu kabla sijaolewa. Yeye ndiye aliyekuwa anatunza mabeseni na taulo za kutawadhana miguu siku ya Meza ya Bwana, akizifua na kuzianika hapo kwenye ua huku anaimba. Walichukua mabeseni. Alikaa nyuma karibu na mlango kwa muda, halafu akaacha kwenda. Ulipouliza, alikuambia ni magoti. Ukamnunulia dawa ya kuchua. Anayo, hajaifungua, kwa sababu magoti hayana kitu. Mtu anayepanda mteremko ule na gunia ana magoti gani mabovu?

Fikiria jinsi ilivyo. Mimi sikukubali kutoa Jumapili yangu hata moja nikapige picha. Yeye ametoa Jumamosi zake zote. Na baada ya lori kuondolewa mimi nilirudishiwa Jumapili yangu nzima, napiga magoti misa yote bila haraka. Padre anasema nimekuwa mcha Mungu siku hizi.

Mchana wa leo ulikwenda kumuaga. Ukarudi unacheka, ukasema umemkuta katikati ya chai anatafuta mboga ya chinsaga. Nyakundi, nani anatafuta chinsaga katikati ya chai? Leo ni Jumamosi. Alikuwa anachuma. Kikapu alikificha alipokuona. Wewe umemaliza chuo, ada hakuna tena, nami nikadhani ataacha. Nilimwuliza alipokuja kituoni. Akasema, "Nirudi wapi? Mabeseni anayo mwingine." Nikapima.

Nimesikia kazi utakayoanza nayo. Wanataka kuipeleka mashine hii Kisii yote, hadi kwenye ndizi, kisha kwingine. Wewe unawafaa sana, unajua lugha, una mama karani wa chai, na sura yako watu wataiamini. Sikuambii uikatae. Nani hapa ana uwezo wa kukataa mshahara? Sina hata chuki na mashine. Mizani ya zamani ilikuwa inaiba, hii ya sasa haiibi, nami nilishangilia ilipokuja. Wala siamini kwamba wewe ni mtu mbaya. Kijana wa shati jeupe naye hakuwa mbaya, aliuliza vizuri kabisa. Alipojibiwa upuuzi na mtu mzima mwenye simu mpya, akakubali, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Utakutana na watu kama mimi kila kituo, watakuambia zinatosha. Na wewe utakuwa umechoka na una safari.

Nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kama mama yako, si kama karani. Kabla hujaweka jina lako ili mashine hii ipelekwe kituo kingine, rudi nyumbani. Nenda kwa nyanya yako, ukae naye, umweleze majani yake ya Jumapili yalikuwa na kasoro gani. Usimwambie mashine ilisema. Mwambie wewe unasema. Mwangalie machoni ukimwambia. Ukishindwa, hapo utajua kazi yako ni ipi kule Nairobi, na hata wakikufukuza urudi, ugali upo.

Ninachoogopa ni kwamba utaweza. Mimi niliweza. Nilimwangalia mama huyo usoni, mkono wangu ukiwa bado na ubaridi wa majani yake, nikasema si mimi. Na jioni hiyo, baba, nilikula nikashiba, nikalala vizuri.

Mama yako.